Darasa la Tope: Habari ya Mto Mara na Udongo Uuchukuao

Jua, ewe msomaji, ya kuwa maji ya mto hayaendi peke yake. Kila mto ni mchukuzi, na mzigo wake ni udongo. Mtu wa pwani hana haja ya kusomewa jambo hili kitabuni. Akisimama ufuoni Malindi wakati wa masika huiona bahari imegeuka rangi ya matofali kwa maji ya Mto Sabaki, na mvuvi wa upande wa Rufiji huyajua maji ya mto kwa rangi yake kabla ya kuyaonja. Lakini kujua ya kuwa maji yamechafuka ni jambo moja, na kujua kilichoyachafua, na kitokako, na sababu ya kutozama kwake, ni jambo jingine. Na hilo la pili ndilo lenye manufaa kwa mwenye kuyanywa.

Darasa hili lahusu Mto Mara, upitao baina ya wilaya ya Tarime na wilaya ya Serengeti katika mkoa wa Mara. Huenda mtu akauliza: watu wa pwani wana haja gani na mto wa bara, ulio karibu na Ziwa Viktoria na mbali na bahari? Jawabu ni kwamba wako wengi waliotoka pwani ambao riziki imewapeleka huko, wenye maduka na wenye magari, walimu na waajiriwa wa migodini na wa mbugani, nao hunywa maji hayo na kutawadha kwayo. Tena mto ule ni kama kitabu kilichofunuliwa. Mambo ambayo pwani hufichwa na mawimbi na maji kujaa na kupwa, huko huonekana waziwazi, kipande baada ya kipande, tangu mlimani hata ziwani.

Sababu ya tope kutozama

Teka maji ya mto siku ya mvua, uyatie katika bilauri ndefu, kisha uiweke mahali pasipotikiswa. Mchanga utatua chini mara moja, kabla hujamaliza kuirudisha kata mahali pake. Baada yake hutua udongo mwembamba, taratibu. Hata kesho yake juu yatabaki maji yenye ukungu, rangi ya chai ya maziwa, na ukungu huo hauondoki hata ukingoje siku nyingi.

Sababu ni udogo wa chembe. Mtaalamu George Stokes alieleza kanuni yake mwaka 1851, nayo ni hii: chembe iliyo ndogo mara kumi kuliko nyingine huzama polepole mara mia kuliko hiyo nyingine. Chembe ya mchanga mwembamba, yenye upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita, hushuka mita moja kwa muda wa kama dakika mbili. Chembe ya sehemu moja ya mia ya milimita hushuka mita hiyo hiyo kwa muda wa saa tatu, yaani kama baina ya adhuhuri na alasiri. Na chembe ya udongo wa mfinyanzi, ya sehemu moja ya elfu ya milimita, huhitaji siku kama 13; na hapo ni sharti maji yasitikisike hata kidogo. Maji gani ya mtoni yatatulia siku 13?

Joto na baridi pia vina kazi yake. Maji ya baridi yana mnato zaidi, kama asali iliyokaa mahali pa baridi. Maji yaliyo karibu na kuganda yana mnato wa mara mbili ya maji ya joto la digrii 25, na kwa hiyo chembe ile ile huzama ndani yake kwa nusu ya mwendo. Ndiyo maana katika bahari za baridi za kaskazini tope hukaa juu muda mrefu na kusafiri mbali. Magenge ya Holderness, mashariki ya Uingereza, huliwa na bahari karibu mita mbili kila mwaka. Udongo wake mwembamba huchukuliwa na mikondo kuvuka Bahari ya Kaskazini kuelekea Uholanzi na Ujerumani, hutua katika fungu maji yakipwa, na huinuliwa tena dhoruba ya kusi ya kwao ijapo. Safari hiyo si ya mara moja. Ni ya kupanda na kutua, kupanda na kutua, pengine kwa miaka.

Lakini mtu asidhani ya kuwa baridi ndiyo inayolibeba tope. Baridi hulikawilisha tu kuzama. Kinachobeba ni msukosuko wa maji: maji yaendayo kwa nguvu huwa na vizingia vya kupanda na kushuka, na kila kizingia kipandacho hurudisha juu chembe iliyokuwa ikishuka. Kwa hiyo Mto Mara, ambao maji yake ni ya uvuguvugu, hubeba tope lake siku ya gharika, na siku ya ukame huliacha njiani.

Njia ya mto

Mto Mara una urefu wa kilomita kama 395, na nchi imwagayo maji yake ndani yake yazidi kilomita za mraba 13,000. Karibu thuluthi mbili za nchi hiyo ziko Kenya, na thuluthi moja iko Tanzania. Chimbuko lake ni nyanda za juu za Mau, kwa mito miwili, Amala na Nyangores, ambayo ikikutana ndipo hupata jina la Mara. Kisha huteremka katika mbuga ya Maasai Mara, hupokea Mto Talek, na kuvuka mpaka kuingia hifadhi ya Serengeti upande wa Kogatende, mahali ambapo nyumbu huvuka kwa makundi makubwa baina ya Julai na Oktoba. Ukitoka hifadhini huelekea magharibi, Tarime ikiwa kaskazini yake na Serengeti kusini yake, nao Mto Tigithe huteremka kutoka Tarime, upande wa Nyamongo, kuungana nao. Mbele huacha kingo zake na kuenea katika kinamasi kikubwa cha mafunjo na matete, hata daraja la Kirumi katika barabara ya Musoma na Tarime, na hapo si mbali na ziwa.

Tope latoka wapi

Kwa miaka mingi imesemwa ya kuwa tope lote latoka Mau, kwa sababu misitu ya huko imekatwa na mashamba yamelimwa kwenye miteremko. Neno hili si la uongo, ila limepungukiwa. Mwaka 2018 wataalamu waliopima maji ya mto huo upande wa Kenya, kwa vyombo vilivyowekwa ndani ya mto, walichapisha matokeo yao. Nayo yalionyesha ya kuwa thuluthi mbili za tope lililopita hapo lilitoka katika nchi ya kati pamoja na ile ya Mto Talek. Hiyo ni nchi tambarare, yenye mvua chache, na wanyama wengi wa porini na wa kufugwa.

Wengi hushangaa wasikiapo hayo, kwani akili hudhani mvua nyingi na mlima mkali ndivyo vitoavyo tope jingi. Lakini ikumbukwe ya kuwa mlimani, hata penye shamba, majani na mizizi huwahi kumea. Nchi kavu iliyokanyagwa na kwato hukaa wazi, vumbi lake likingoja. Mvua ya kwanza ya vuli ikipiga, huteremka yote. Hupanua makorongo, na kingo za mito midogo hubomoka. Mzee yeyote wa Kikurya aliyechunga ng'ombe mabondeni hatahitaji vyombo vya wataalamu kuyasadiki hayo. Na lililothibitishwa upande wa Kenya halina sababu ya kukoma mpakani: penye njia za mifugo ziteremkazo mtoni, na penye shamba lililolimwa hata ukingoni, pana mlango wa tope.

Viboko na maziwa ya mto

Katika kipande cha mto kilicho Kenya walihesabiwa viboko zaidi ya 4,000. Usiku hula majani nchi kavu, mchana hukaa majini, na kinyesi chao hutua chini ya vidimbwi, tabaka juu ya tabaka. Maji yakiwa machache hakuna kinachoonekana. Mto ukifurika, tabaka zile huinuliwa pamoja na tope na kupelekwa chini kwa mara moja. Hapo hewa iliyo ndani ya maji, ambayo samaki hupumua, huliwa na ule uozo. Katika muda wa miaka 3 wataalamu waliandika mafuriko 49 yaliyopunguza hewa hiyo, na katika hayo 13 yaliipunguza mno. Na katika miaka 5 waliona mara 9 samaki wamekufa kwa wingi.

Habari hii ina faida kubwa kwa mwenye kufikiri. Tope lililotua halijaondoka. Limewekwa akiba, na pamoja nalo kila kilichoshikamana nalo. Siku litakapoinuka, litatoa vyote kwa pamoja.

Mwezi wa Machi mwaka 2022 watu wa Kirumi na vijiji vya jirani waliona maji ya Mara yamegeuka meusi yenye harufu, na samaki wakielea wamekufa. Serikali iliunda kamati ya kuchunguza. Kamati ilisema ya kuwa chanzo chake ni uozo wa mimea na kinyesi cha mifugo katika kinamasi, wala si sumu ya mgodi. Wako waliokubali na wako waliokataa, na ubishi ulikuwa mkali. Mwenye kulisoma darasa hili anaweza walau kuona ya kuwa uozo ulioinuliwa kwa ghafula waweza kuua samaki pasipo sumu yoyote, kama ilivyoonekana kwa viboko. Na aone pia ya kuwa kuweza kutokea si ushahidi wa kuwa ndivyo ilivyotokea.

Kinamasi

Mto ukiingia katika mafunjo hupoteza nguvu zake. Maji hutawanyika, hupita baina ya mashina maelfu kwa maelfu, msukosuko hufa, na tope hushuka. Kazi ifanywayo na mikoko katika delta ya Rufiji ndiyo ifanywayo na mafunjo hapa. Lakini mikoko imesaidiwa na chumvi, kama itakavyoelezwa, na mafunjo hayana msaada huo.

Tope lituapo kinamasini hupandana mwaka juu ya mwaka, kama kurasa. Wataalamu walichimba kwa mabomba, wakatoa mashapo hayo, wakayasoma habari za miaka 2,000. Mwaka 2019 walitangaza ya kuwa tangu miaka ya 1960 kiasi cha tope kitulacho kimebadilika kwa haraka na kuongezeka. Katika muda huo huo kinamasi chenyewe kimeenea, kikafunika malisho na mashamba ya watu wa pande zote mbili. Si tope peke yake lililofanya hivyo. Baina ya mwaka 1961 na 1964 Ziwa Viktoria lilipanda zaidi ya mita mbili kwa mvua kubwa za miaka ile, na maji ya mto yakazuiwa kutoka. Mwenye kutaka kuifyeka mafunjo apate shamba na atazame kwanza nini kinasimama baina ya tope la Mau na Talek na Tigithe, na ziwa linalonywewa na Musoma.

Maji yatokayo mafunjoni mara nyingi huwa na weusi kama chai kavu, kwa majani yaliyooza. Mtu huyaona hayana tope, akayadhania ni safi.

Chumvi, shabu na mlonge

Chembe za udongo wa mfinyanzi zina tabia ya kukimbiana. Kila moja ina nguvu ya umeme juu ya ngozi yake, nazo zote ni za namna moja, basi husukumana. Ndiyo sababu katika maji matamu hukaa mbalimbali, kila moja peke yake, na peke yake haizami. Lakini zikifika baharini, chumvi huizima nguvu ile ya kusukumana. Chembe hugusana, hushikamana, huwa vitonge. Na kitonge kina uzito, hushuka. Kwa ajili hiyo midomo ya mito yetu hujaa matope laini, na ufuo wa mbele ya mji wa Malindi umesogea kwenda baharini kwa mchanga na udongo wa Sabaki. Ziwa Viktoria halina chumvi ya kufanya kazi hiyo. Udongo upitao kinamasi bila ya kushikwa hukaa majini muda mrefu, hupelekwa na upepo, na kila ziwa likitibuka karibu na ufuo huinuka tena.

Lifanywalo na bahari kwa chumvi, mwanadamu hulifanya mtungini kwa shabu. Shabu kidogo ikikorogwa ndani ya maji ya tope hukusanya chembe mpaka zionekane kwa macho kama mabonge ya ukungu, kisha hutua. Mbegu za mlonge hufanya kazi kama hiyo, na mti wenyewe wajulikana sana pwani. Hubanduliwa ganda, mbegu nyeupe ikatwangwa, unga wake ukachanganywa na maji kidogo safi na kuchujwa. Mbegu moja au mbili kwa lita moja, kwa kadiri ya wingi wa tope. Maji hukorogwa kwa haraka kama dakika moja, kisha polepole dakika kadhaa, yakaachwa saa moja au zaidi. Yaliyosafishwa kwa mlonge yasiwekwe zaidi ya siku moja, kwani huharibika.

Zebaki, na hukumu ya maji

Katika nchi ya Tarime na Serengeti wako wachimbaji wadogo wa dhahabu, nao hutumia zebaki kuikamata dhahabu iliyosagwa. Zebaki iliyomwagika haiendi na maji peke yake. Hupenda kushikamana na chembe zilizo ndogo kabisa, zile zile ambazo hazizami. Hivyo chembe iendayo mbali kuliko zote ndiyo ibebayo madhara kuliko zote. Mchanga mzito umwonao chini ya mtungi ni salama kuliko ukungu uliobaki juu.

Hapa lipo jambo ambalo watu hulichanganya. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wa watu wa pwani, wameeleza ya kuwa maji yaliyogeuka kwa udongo wa mahali yapitapo au yakaapo hubaki tohara na hutoharisha. Na maji yaliyogeuka rangi au ladha au harufu kwa najisi hayafai kutawadhia, ingawa ni mengi. Mtu akisikia ya kwanza hudhani ya kuwa maji ya tope, madhali yafaa kutawadhia, yafaa na kunywewa. Sivyo. Hukumu ya tohara na habari ya afya ni milango miwili. Maji ya Mara yenye tope yaweza kuwa tohara, na yakamletea mnywaji ugonjwa wa tumbo; na maji meupe kabisa ya kijito yaweza kuwa na kitu kisichoonekana. Na maji kama yale ya Machi 2022, yaliyogeuka rangi na harufu, mwenye kuyafikia amwulize mwenye elimu kabla ya kutawadha, na asiyanywe kamwe.

Mambo ya kutendwa

Sheria ya mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa mto na ufuo wa ziwa. Mita 60 za majani zilizoachwa bila kulimwa huchuja maji yateremkayo, na hushika udongo ambao mkulima mwenyewe anauhitaji. Mabirika ya kunyweshea ng'ombe, yakijengwa mbali na mto, huzuia kingo zisivunjwe na kwato. Si kazi kubwa kwa kijiji chenye umoja. Ugumu wake ni kwamba anayeziacha mita 60 ni wa Tarime, na anayepata maji mazuri ni wa Musoma.

Ama aliye huko leo, mwenye mtungi wa maji ya mto mbele yake, utaratibu ni huu. Kwanza aondoe tope, kwa kuyatuliza na kwa shabu au mlonge, kisha ayachuje kwa kitambaa kizito. Baada ya hapo ndipo ayachemshe mpaka yatokote sawasawa, au atie dawa ya maji. Asitangulize dawa, kwani dawa ikikuta tope huliwa na tope, na vijidudu hujificha ndani ya chembe wakasalimika. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi zebaki hata kidogo. Sehemu ya zebaki hutoka pamoja na tope lililotua, na ndiyo sababu ya pili ya kulituliza kwanza. Lile lililobaki chini ya mtungi lisimwagwe mtoni wala bustanini, bali lifukiwe katika shimo lililo mbali na kisima na mahali wachezapo watoto. Na katika nyumba zilizo karibu na machimbo ya Tigithe, maji ya kunywa ya wanawake wajawazito na watoto wachanga yatoke katika paa la bati siku za mvua, au katika kisima kilichopimwa.